Mwalimu akienda na ekipe, kalasi inabakia na nani?

Kila mwaka, trimestre ya tatu ikifika, mambo ni yale yale mu miji yetu ya migodi, kutoka Lubumbashi hadi Likasi, Kambove, Fungurume na Kolwezi. Ekipe za masomo zinaanza kusafiri: mpira wa miguu, basket, handball, volley, mbio. Watoto wanafurahi, wazazi wanachanga franka za bisi, na mwalimu anayefundisha ekipe anafunga mufuko wake. Siku tatu, siku ine, wakati ingine juma nzima. Ku kalasi yake, watoto wengine makumi ine ama makumi tano wanabakia wakiangalia ubao.

Juu ya ile safari, mu lupango watu wanasema maneno mawili. Wenye watoto mu ekipe wanasema: mwalimu ni mutu muzuri, anajitoa. Wenye watoto mu kalasi wanasema: mwalimu amekimbia kazi. Na siku ya paye ikifika, mukubwa wa masomo wakati ingine naye analeta neno la tatu: ile siku hazihesabiwi. Sisi tunaona kama wote watatu wanazungumuza juu ya kitu kimoja ambacho hakijaandikwa fasi yoyote: ruhusa ya mutu anayepeleka watoto wetu ku michezo.

Ni jambo dogo? Hapana. Ndani yake kuna mushahara wa mutu, kuna masomo ya watoto wengi ambao hawachezi, na kuna swali la nani atajibu siku bisi itaanguka mu njia.

Jina lenyewe njo linaleta ugomvi

Watu wanasema "mwalimu amepewa konje ya ekipe". Lile neno konje njo linavuruga yote. Konje ni siku ya mufanyakazi mwenyewe: anapumzika, anaenda kuona wazee wake ku mugini, anatengeneza paa la nyumba. Mwalimu aliye mu bisi na watoto 18 hapumziki. Anawahesabu wakipanda, anawahesabu wakishuka. Anatafuta fasi ya kulala, anaangalia nani amekula na nani ana homa, usiku anaamuka kuona kama mulango umefungwa. Asubui anasimama kando ya kiwanja. Kama ile si kazi, basi kazi ni nini?

Tukiiita konje, tunaiweka mu mufuko wa mwalimu: ni siku zake, ni mapenzi yake, ni shida yake. Tukiiita kazi, tunaiweka fasi yake: ni safari ya masomo, na masomo inapashwa kuitengeneza. Mengine yote tutakayosema hapa yanatoka mu tofauti ile.

Sheria inasema nini

Code du travail ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, inajua konje za namna nyingi. Kuna konje ya kila mwaka. Kuna konje ya uzazi, juma 14. Kuna zile wanaita "congés de circonstance": mufanyakazi akioa, siku 2, bibi yake akizaa, siku 2, akifiwa bibi ao bwana, muzazi ao mutoto, siku 4, mutoto wake akioa ao akiolewa, siku 1. Mu ile orodha michezo haimo. Hakuna siku hata moja iliyoandikwa kwa mutu anayepeleka ekipe.

Kuna pia sheria ya michezo, namba 11/023 ya 24 Desemba 2011, inayoweka misingi ya michezo mu inchi yote. Ni sheria muzuri kuwa nayo. Lakini Jumatatu asubui mwalimu hasimami mbele ya misingi ya inchi. Anasimama mbele ya prefe.

Tena walimu wenyewe hawako chini ya sheria moja. Mwalimu anayelipwa na Leta anafuata statut ya wafanyakazi wa Leta, pamoja na loi-cadre ya elimu, namba 14/004 ya 11 Februari 2014. Mwalimu wa masomo ya kampani ao ya mutu binafsi, yeye njo anafuata Code du travail. Na kuna wa tatu, ambaye kila kartie inamujua: yule wa "nouvelle unité", anayefundisha kila siku lakini jina lake halijafika ku listi ya paye ku Kinshasa. Mu bisi moja inayopeleka ekipe unaweza kuwakuta wote watatu, wamekaa kiti kimoja, na kila mumoja yuko mu hatari yake. Wa kwanza anaweza kuandikwa kama alitoroka kazi. Wa pili anaweza kukatwa mushahara. Wa tatu hana mushahara wa kukatwa, lakini anaweza kurudi na kukuta mwingine amekaa fasi yake.

Kwa hiyo yote inabakia mu mikono ya mukubwa wa masomo. Mwaka huu prefe anapenda mpira: ruhusa inatoka kwa neno la mudomo, mu koridori. Mwaka ujao anakuja prefe mupya asiyependa mpira: ruhusa inakataliwa, ao inatolewa kisha inasahauliwa. Neno la mudomo halina ushahidi. Siku ugomvi unafika ku sous-division, mwalimu hana karatasi, prefe hana karatasi, na aliye mukubwa njo anashinda.

Kochi anayetoka mu mugodi

Kati yetu tunajua: mu miji hii, kochi wengi si walimu. Ni wababa wa mugodi. Anafanya kazi ya poste, anaendesha mashine ao anatengeneza mapompi, na saa zake za kupumzika anafundisha ekipe ya masomo fasi watoto wake wanasoma. Masomo inamupenda juu halipwi. Kampani yake haijui hata kama yeye ni kochi.

Huyu anatoa siku wapi? Anatoa mu konje yake ya mwaka. Tuhesabu pamoja. Code du travail inaweka kipimo cha chini: mufanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata siku 1 ya kazi kwa kila mwezi muzima aliotumika, na siku 1 ingine juu yake kila akimaliza miaka 5 ku kampani. Maana yake, mutu asiyefikisha miaka 5 ana siku 12 kwa mwaka kufuatana na sheria. Sasa ekipe ya Kolwezi inaitwa kucheza Lubumbashi. Njia ni kilometa karibu 300 kwa kupitia Likasi. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, siku ine za michezo: siku 6 za kazi. Nusu ya konje ya mwaka imekwisha. Safari ya pili ikikuja, konje yote imekwisha.

Ile siku zilikuwa za nani? Zilikuwa za bibi yake na watoto wake. Zilikuwa za kwenda ku matanga ya mujomba, za kupeleka mutoto hospitali, za kulala tu. Mama wa nyumba analipa michezo ya masomo bila kuombwa, na hakuna anayemushukuru.

Wengine hawaombi kitu. Wanabadilishana poste na rafiki, wanatumika usiku, halafu asubui wanapanda mu bisi na watoto bila kulala. Yeyote aliyefanya poste ya usiku anajua kichwa kinakuwa namna gani saa ine ya asubui. Ule mutu njo tunamupa watoto wetu achunge.

Na kreseri, yule anayechimba kwa mikono yake? Kwake hakuna konje wala kukatwa. Siku hakushuka mu shimo, ni siku bila franka. Hata hivyo kuna wachimbaji wanaofundisha watoto wa kartie kila jioni. Kwa hao, kusema "ruhusa" ni kusema kitu kingine: ni nani atawapa chakula cha nyumba kwa zile siku walizokuwa na watoto wa watu.

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, kampani moja ilishika karibu kila kitu: mugodi, hospitali, masomo, kiwanja. Anayelipa mwalimu njo alikuwa anayelipa bisi. Hata ekipe kubwa ya Lubumbashi, TP Mazembe, ilizaliwa mwaka 1939 mu mikono ya mapadri wa Benedikti, watu ambao kulea vijana ilikuwa kazi yao ya kila siku. Haikuwa wizi wa saa. Leo mambo yamepasuka vipande. Gécamines ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10.000 walitoka kwa ile waliita "départs volontaires". Masomo moja ni ya Leta, ingine ya kanisa, ingine ya mutu binafsi. Mwalimu analipwa Kinshasa, bisi inaazimwa ku kampani, kochi anatumika ku sous-traitant. Karatasi ya ruhusa inapashwa kutiwa sahihi na nani? Kila mumoja anaonyesha mwenzake kwa kidole.

Siku aksida inatokea

Watu hawapendi kusema jambo hili mbele ya safari, wanaona ni kuita mabaya. Lakini wenye kutumika mu mugodi wanajua: kabla ya kushuka, mutu anaandika jina lake. Si juu ya kuita kifo. Ni juu, mambo yakiharibika, watu wajue nani alikuwa ndani.

CNSS, kwa wafanyakazi walio chini ya Code du travail, inafuata sheria namba 16/009 ya 15 Julai 2016. Inalipia aksida ya kazi, maana yake aksida iliyotokea kwa sababu ya kazi ao wakati wa kazi, na ile ya njia kati ya nyumba na kazi. Wafanyakazi wa Leta wana kasha yao, CNSSAP. Sasa jiulize: mwalimu wa masomo ya kampani amevunjika muguu mu njia ya Likasi, siku ya Jumatano, saa ya kalasi, mbali na masomo. Alikuwa ku kazi? Kama mu mufuko wake kuna karatasi ya misheni, "ordre de mission" yenye jina lake, tarehe na muhuri wa masomo, ndiyo, alikuwa ku kazi, na familia yake ina kitu cha kuonyesha. Kama hakuna karatasi, mutu wa ofisi anaweza kusema: huyu alikuwa mu mambo yake.

Kwa baba wa mugodi aliyechukua konje yake ya mwaka, ni ngumu zaidi. Mbele ya kampani yake, alikuwa ku konje. Mbele ya masomo, hakuwa mufanyakazi wao. Ameanguka katikati ya viti viwili. Bibi yake atagonga mulango gani?

Karatasi moja inaweza kuamua kama mujane atapata kitu ao hatapata. Kuikosa kwa sababu ya uvivu wa kuandika mistari kumi ni zambi.

Wale wanaobakia mu kalasi

Mpaka hapa tumemutetea kochi. Lakini tusikilize pia muzazi mwingine, ambaye mutoto wake hapigi mpira. Ana haki ya kuuliza.

Mu masomo ya musingi, mwalimu mumoja anafundisha yote: kusoma, hesabu, Kifaransa, sayansi. Akienda siku tano, ni siku tano za kila kitu. Tangu Septemba 2019 masomo ya musingi ya Leta ni ya bure, na kalasi zimejaa. Mwalimu wa kando hawezi kushika yake na ya mwenzake bila kuziharibu zote mbili. Mu sekondari, mwalimu wa hesabu akiondoka juma moja mu mwezi wa 5, ni wale wa 4ème humanités wanaoumia, na Examen d'Etat iko mulangoni. Mutoto wa kalasi ya sita anayengoja examen ya mwisho wa masomo ya musingi yuko mu hali ile ile. Ekipe inarudi na kombe; mutoto asiyecheza anarudi na sifuri.

Na tuseme kweli yote: kuna wanaoharibu jina la wenzao. Michezo inaisha Jumamosi, mwalimu anaonekana Jumatano. Mwingine anachukua wasindikizaji sita kwa watoto kumi na mbili, kila mumoja anaitwa "staff", na kumbe wanne wameenda kununua bidhaa. Mwingine ana ekipe mu kinywa tu. Tarehe ya paye inapokaribia njo unamuona. Wazazi wanaona haya, na siku mwalimu wa kweli anaomba ruhusa, wanamutupia maneno yaliyokuwa ya wale wengine.

Dawa ya ule ubaya haiwezi kuwa kukataza safari. Dawa ni kipimo kinachojulikana mbele. Ruhusa isiyo na kipimo inamufaidia mujanja. Mwalimu muzuri anatoka nayo na masengenyo.

Wasichana wanasafiri na nani?

Kuna sehemu moja ambayo inatuuma zaidi. Leo ekipe za wasichana zimekuwa nyingi, na ni furaha kubwa. Lakini angalia bisi: mara nyingi wakubwa wote walio ndani ni wanaume. Ukiuliza juu ya nini, utaambiwa hakuna mama mwalimu aliyepata ruhusa. Mwalimu mwanamume akiomba siku, anaitwa kochi. Mama mwalimu akiomba siku, anaulizwa nani atabakia na watoto wake, na kalasi yake, na pika ya nyumba.

Basi mutoto wa miaka 14 analala mbali siku ine, na akiugua ugonjwa wa wanawake, ao mutu akimusumbua usiku, hana mama wa kumuambia. Muzazi mwenye akili anakataa mutoto asiende, na ana haki. Ndivyo wasichana wengi wenye kipaji wanabakia nyumbani. Ruhusa ya mama mwalimu mumoja njo inaamua kama wasichana 15 watacheza ao hawatacheza.

Wengine wanafanya namna gani

Tusiseme kama jambo hili halina dawa. Inchi zingine zimelijibu, kila moja kwa njia yake.

Ufaransa, mu masomo ya sekondari ya Leta, mwalimu wa michezo ana saa zake za kazi za juma, na ndani ya zile saa, 3 ni za chama cha michezo cha masomo. Kwa mwalimu wa kawaida ni saa 20 kwa juma, 3 zikiwa ndani. Dekreti ya 7 Mei 2014 inaiandika wazi. Jumatano nyuma ya midi njo siku ya mashindano. Kwa hiyo mwalimu akisimama ku kiwanja Jumatano, hakuna anayeuliza kama ana ruhusa: yuko ku kazi yake, na hakuna kalasi inayomungoja. Hatuna pesa za Ufaransa, ni kweli. Lakini kuandika kama saa za ekipe ni saa za kazi hakuombi pesa nyingi, kunaomba kalamu.

Jirani yetu Tanzania ana michezo miwili mikubwa ya masomo: UMITASHUMTA kwa masomo ya musingi na UMISSETA kwa sekondari. Mwaka 2021 yote miwili ilifanyika Mtwara, kuanzia mwezi wa 6, wakati ambao masomo yao yanafungwa katikati ya mwaka. Ni mupango wa Leta, unajulikana mbele, na walimu wanaosindikiza wako mu kazi ya Leta. Matunda yanaonekana: mwaka 2023, ku Durban, wasichana wa Fountain Gate kutoka Tanzania walishinda kombe la Afrika la masomo ambalo CAF inatengeneza.

Kombe lile linatuhusu na sisi. Mwezi wa 2 mwaka 2022, CAF ililianzisha ku Kinshasa kwetu. Fainali za bara zilikuwa Durban mwaka 2023, Zanzibar mwezi wa 5 mwaka 2024, Accra mwezi wa 4 mwaka 2025. Masomo inayoshinda inapata dola 300.000. Mwezi wa 5, ku Kongo, si konje: njo wakati walimu wanakimbizana na programu. Maana yake, masomo ya Kongo ikitaka kufika mbali, mwalimu wake lazima atoke mu kalasi, kwanza ku muji, kisha ku provinsi, kisha ku Kinshasa, kisha ugaibuni. Namna gani masomo itafute dola 300.000 kupitia mutu ambaye inamukata franka za siku tatu?

Na sisi wenyewe tulishaonyesha kama tunaweza kupanga. Jeux de la Francophonie ilifanyika Kinshasa kutoka 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, katikati ya konje kubwa. Hakuna kalasi iliyopoteza hata saa moja.

Kiwanja bila mutu wa kukiendea

Wenye kuishi kando ya migodi watasema: kampani isaidie. Ni haki kusema hivyo, lakini tujue tunaomba nini. Code minier iliyotengenezwa tena kwa sheria namba 18/001 ya 9 Machi 2018 inalazimisha kila kampani inayochimba kutoa 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya watu wanaoishi pale, na kuandika "cahier des charges" pamoja nao. Mara nyingi, juu ya vijana, kinachoombwa ni kiwanja, mipira na maillots. Vitu vinavyoonekana, vinavyopigwa picha siku ya kufungua.

Lakini kiwanja hakipeleki watoto. Mupira haushiki kalasi wakati mwalimu hayupo. Tunauliza: juu ya nini wawakilishi wa watu wasiombe pia pesa ya kumulipa mwalimu wa kusimamia kalasi kwa zile siku? Ni pesa ndogo kuliko ukuta wa kiwanja.

Na kwa baba wa mugodi aliye kochi, mulango ni mwingine: ni sendika. Code du travail ni sakafu, si dari. Convention collective inaweza kutoa zaidi ya sheria, haiwezi kutoa chini. Delege wetu wanapokaa na wakubwa wa kampani, wanazungumuza mushahara, nyumba, hospitali, na ni sawa. Waongeze mustari mumoja: mufanyakazi anayepeleka ekipe ya masomo, akiwa na barua ya ile masomo, apate siku 3 ao 4 kwa mwaka zisizokatwa mu konje yake. Kampani ambayo inapenda kusema mu matangazo kama inapenda vijana wa Lualaba na wa Haut-Katanga, hapa njo fasi ya kuonyesha.

Tunashauri nini

Hatungojei sheria mupya kutoka Kinshasa. Mambo matano yanaweza kuanza ku masomo yenyewe, mwezi wa 9, siku ya mukutano wa kwanza wa wazazi.

Moja, kalenda. Mashindano yaandikwe tangu mwanzo wa mwaka, na yale yanayoweza kuwa Jumamosi ao mu konje yasiwekwe siku ya kalasi. Masomo ambayo inajua tarehe mbele inaweza kujipanga. Ile inayoitwa kwa telefone Jumapili jioni haiwezi.

Mbili, karatasi. Hakuna bisi inayowashwa bila "ordre de mission" yenye majina ya wasindikizaji wote, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na nani analipa. Kopi moja kwa mwalimu, moja ku ofisi ya masomo, moja kwa komite ya wazazi. Baba wa mugodi na kreseri waandikwe pale pale pamoja na walimu.

Tatu, mwenye kubakia. Juu ya karatasi ile ile liandikwe jina la mwalimu atakayeshika kalasi, na saa atakazozirudisha mwenye kusafiri. Bila jina lile, ruhusa haitoki. Mwenye kushika kalasi mbili apewe shukrani inayoshikika.

Ine, kipimo. Sisi tunaona siku 5 za kalasi kwa trimestre zinatosha kwa mwalimu mumoja, na kwa kalasi za examen, trimestre ya tatu, ziwe chini zaidi ao asafiri mwingine. Anayepita tarehe yake ya kurudi bila sababu, ile siku njo zikatwe. Zile alizotumika zisikatwe hata moja.

Tano, wasichana. Hakuna ekipe ya wasichana inayolala inje bila mama mumoja aliye mu listi. Kama hakuna mama mwalimu anayeweza, mama wa komite ya wazazi aende, na karatasi yake iwe sawa na ya kochi.

Kuna watakaosema: mashule hazina chaki, na ninyi munaleta mambo ya ruhusa ya michezo. Tunawasikia. Lakini yote matano, ukiondoa pesa ya mwalimu wa kusimamia, yanaomba karatasi, wino na muhuri. Vitu vitatu hivi ofisi zetu hazijawahi kuvikosa wakati wa kuandika barua za kulipisha.

Muzazi anayesoma habari hii, mukutano wa mwezi wa 9 ukifika, usimame na uulize maswali matatu tu. Siku za safari zinahesabiwa kwa nani? Kalasi inashikwa na nani? Jambo likitokea mu njia, nani anajibu? Mukubwa wa masomo anayejibu yote matatu kwa karatasi, mupe mutoto wako, anayecheza na asiyecheza. Anayejibu kwa mudomo tu, mwambie wazazi watangoja aandike.